Muaminishe, Mlize, Mbane

Watu waliougua kwa kalamu ya Mwalimu Dadi bin Athumani walikuwa wengi kuliko waliougua kwa homa, na karibu wote walikuwa wazima wa afya. Usishangae. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale Lindi, na aliifanya vizuri mno. Ukitaka ndugu yako aliyeko Mikindani arudi nyumbani, hukumwandikia kwamba umemkumbuka, maana nani anaacha shughuli zake kwa sababu ya kukumbukwa? Ulikwenda barazani kwa Mwalimu Dadi na kuku wako au kibaba chako cha mchele, ukaketi kwenye jamvi, ukaeleza shida yako kwa maneno yako mabovu, naye akachovya kalamu ya mwanzi kwenye wino wa masizi akakulaza kitandani. Barua ikiondoka wewe umeshakuwa hoi, uji hunywi, ubavu hugeuzi mpaka ushikwe. Ndugu akija mbio na macho mekundu akakukuta uani unapukuchua mahindi, hayo ni yenu wawili.

Alikuwa na kanuni tatu, na mwanafunzi wake mmoja, Ahmadi, aliyewapita wengine wote, alizishika kama alivyoshika sura fupi za msahafu. Muaminishe, mlize, mbane. Kwanza unamuaminisha msomaji kwamba anayeandika ni mtu wa kweli: unamtaja Mungu, unataja jina la baba, unasema hukutaka kuandika ila umeshindwa. Kisha unamliza: mgonjwa hataji jina la mtu ila la huyo msomaji. Halafu unambana kwa hesabu ili asipate pa kuchomokea: leo ni siku ya ngapi mgonjwa hajala, njia ni siku ngapi, akichelewa atakuta nini. Katika kumliza alikuwa na neno lake moja alilolibuni mwenyewe na kulipenda kuliko yote. Macho ya mgonjwa hayatoki mlangoni. Mwalimu Dadi alikuwa akisema hakuna mtoto wa mtu atakayelisoma hilo akabaki ameketi.

Tena alikuwa na onyo. "Maneno ya mteja ni nguo chafu," alimwambia Ahmadi. "Usiyapeleke safarini kabla hujayafua. Akisema mama anaharisha, wewe andika mama amedhoofika. Akikupa tusi, peleka dua." Ahmadi alicheka siku ile, lakini alishika. Baadaye akapanda bara kwenda Nyangamara kufundisha Kurani, na kwa kuwa huko hapakuwa na mwingine wa kushika kalamu, akawa yeye ndiye mkono wa kijiji kizima. Huko huko Nyangamara ndiko alikokuwa akilima mama yake Dadi, Bi Sada, pamoja na Kadija, dada yake Dadi.

Sasa, kabla sijafika kwenye barua iliyomfikia Dadi mwenyewe, kuna jambo la kusema, nalo si zuri. Kiangazi cha mwaka wa barua hiyo, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijafumuka, akida wa Mdachi pale Lindi alimwita Dadi nyumbani kwake. Alikuwa na ugomvi na jumbe mmoja wa upande wa Nyangamara, Jumbe Bakari, aliyekataa kutoa watu wa kulima pamba ya Mdachi. Kila akiitwa, haji. Akida akasema, niandikie barua ya kumfanya aje. Dadi angeweza kujitia mgonjwa yeye mwenyewe siku ile akarudi nyumbani, lakini akida alikuwa amemsifia mwandiko wake mbele ya watu, na kichwa kilishavimba. Akaandika kwamba akida yu taabani, anataka wapatane kabla hajafa, na macho yake hayatoki mlangoni. Jumbe Bakari aliyekataa kuja kwa amri alikuja kwa huruma, na mbuzi wa kumpa mgonjwa pole. Akafungwa mnyororo wa shingo mlangoni pale pale. Watu wake hawakumwona tena.

Dadi alisikia habari hiyo. Alimwambia mkewe, Kidawa, kwamba yeye ni kalamu tu, na kalamu haina hatia. Kidawa akamjibu kwamba hajawahi kuona kalamu ikila pilau ya akida. Tangu siku hiyo hawakulizungumza, ila Dadi akaanza kuketi barazani na mgongo ukutani.

Kisha vita vikaja. Mji ukajaa minong'ono. Ilisemekana watu wa bara wamekunywa dawa, risasi hazitawaingia. Ilisemekana wanawatafuta wote waliomwandikia Mdachi. Askari nao walimtilia shaka kila mtu mwenye vumbi la bara miguuni. Aliyepita njia kwa raha alikuwa Rashidi, mchuuzi wa chumvi, kwa sababu waasi walitaka chumvi na askari walitaka chumvi, na pande zote mbili zilimjua kwa sura.

Rashidi ndiye aliyeleta barua ya kwanza. Alifika barazani mchana, akatua mzigo, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Kuna karatasi yako kutoka Nyangamara."

"Marahaba," Dadi akasema, na akaitambua ile hati kabla hajaipokea. Ilikuwa hati ya Ahmadi, ile mikia mirefu ya herufi aliyomfundisha mwenyewe. Akaisoma barua kimya, kisha akamwita Kidawa akaisoma kwa sauti.

"Kwa jenabi ya ndugu yangu Dadi bin Athumani, Mungu amweke. Ama baada ya salamu, mimi dada yako Kadija binti Athumani sikuwa na nia ya kukusumbua katika siku hizi nzito, na Mungu ndiye shahidi wangu, ila jambo limenizidi kimo. Mama yetu ni mgonjwa. Tumbo na miguu vimevimba, na pumzi yake ni ya kuhesabu. Hataji jina la mtu ila lako. Kila akisikia hatua uani huinua kichwa, akiona si wewe hukilaza tena, na macho yake hayatoki mlangoni. Leo ni siku ya tisa hajaweka chakula kinywani. Njia ni siku mbili kwa mguu mwepesi. Ukiondoka barua hii ikufikapo utamwahi, ukichelewa utalikuta kaburi, na neno alilokuwekea ataondoka nalo. Ndugu yangu mpenzi, njoo, wala usije na watu, maana huku wanaogopa wageni. Wasalamu. Kwa mkono wa Ahmadi."

Kidawa alikuwa ameshashika upindo wa kanga yake anafuta macho. "Nikufungie nini cha njiani?" akauliza.

"Unalia nini?" Dadi akasema. "Hujaona hii ni barua yangu?"

"Ya kwako vipi, na imeandikwa na Ahmadi?"

"Maneno ni yangu yote. Tazama." Akamwekea kidole kwenye karatasi, ingawa Kidawa hakujua kusoma. "Hapa ananiaminisha. Hapa ananiliza. Hapa ananibana. Siku ya tisa! Unajua kwa nini tisa? Kwa sababu mimi nilimwambia Ahmadi, usiandike kumi, kumi inaonekana ya kubuni, tisa inaaminika. Na hii ya mlangoni, hii ndiyo iliyomleta Jumbe Bakari."

Kidawa akaacha kufuta macho. Jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani mle kwa muda.

"Mama yangu mimi namjua," Dadi akaendelea. "Mama hana mshipa wa kubembeleza. Siku baba alipofariki alinitumia neno kwa mtu, akasema baba yako tumeshamzika, usiache kazi. Leo ananitaja mimi tu, anainua kichwa akisikia hatua? Huyo si mama. Na kwa nini nisije na watu? Mtu anayemngojea mwana wa mgonjwa anawaogopea nini watu alioandamana nao?"

"Wanaogopa wageni, wamesema. Hata mimi ningewaogopa, siku hizi."

"Wewe hujui."

"Najua kwamba watu huumwa," Kidawa akasema. "Hata watu wanaoandikiwa barua huumwa, Mwalimu. Au tangu uanze kazi hii hakuna aliyekufa kweli?"

Dadi akamgeukia Rashidi aliyekuwa akinywa maji kwenye kata. Akamuuliza kama amemwona mama yake kwa macho. Rashidi akasema hakumwona, barua alipewa njiani na Ahmadi mwenyewe, naye Ahmadi alikuwa na haraka, akitazama nyuma. Kila mtu anatazama nyuma siku hizi, Rashidi akaongeza, lakini Dadi hilo la pili hakulisikia. Alilisikia la kwanza tu.

Usiku huo hakulala, na asubuhi alikuwa na akili mpya. Akaandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Alisema: nikija au nisipokuja itategemea jambo moja. Mwulizeni mama, siku nilipoondoka Nyangamara kwenda Kilwa kusoma, alinipa nini mkononi, na aliniambia neno gani? Nijibuni hilo tu.

Jibu alilijua yeye na mama yake, basi. Kadija alikuwa bado mgongoni siku hiyo. Dadi alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, msafara wa wabeba utomvu wa mpira ulikuwa unangoja njia panda, naye alikuwa analia kwa sababu alitaka kubaki. Mama yake akachomoa muhogo motoni kwa kijiti, akamtia kiganjani ukiwa bado unaunguza, hata majivu hakuyapangusa. Akamwambia: "Ukilia njiani nitasikia, na nitakuja kukuchapa." Akarudi shambani bila kugeuka. Dadi alikwenda mpaka Kilwa akiuhamisha muhogo ule mkono huu na huu, na siku nyingi baadaye, akiwa chuoni na vidole vina wino, alipotaka kulia alikuwa anasikiliza kwanza. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu. Lilikuwa jambo dogo mno la kumwambia mtu, na lilikuwa kubwa mno pia.

Rashidi akaondoka na barua. Kidawa akahesabu siku kwa vidole, na kila siku alipitia barazani na swali lile lile, kama amesikia lolote. Mara moja akasema, "Niache niende mimi. Mimi sikumwandikia akida."

"Wakukamate wewe ili wanivute mimi?"

"Hivi wewe unaogopa watu wa Jumbe Bakari, au unaogopa kumtazama mama yako machoni?"

Dadi alikasirika akavaa kofia akaenda msikitini, na haikuwa saa ya sala. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa vyote viwili, na vilikuwa vimeshachanganyika asijue kipi ni kipi. Kama mama yake yu mgonjwa kweli, basi hana budi kwenda, na huko watu watakuwa wameshamwambia mama mengi juu ya mwanawe na mnyororo wa Bakari. Ilikuwa nafuu kuamini kwamba mama ni mzima na barua ni mtego. Mtu akishapata shaka inayompa nafuu, haiachi upesi.

Siku ya nane Rashidi akarudi. Mara hii hakutua mzigo vizuri, akauegemeza tu ukutani, uso umechangamka kama mtu mwenye habari mdomoni. "Mwalimu," akasema, "mara hii nimemwona mama yako mwenyewe, na swali lako lile—"

"Barua iko wapi?"

"Hii hapa. Lakini sikiliza, mama alisema—"

"Ngoja nisome kwanza." Mwalimu Dadi hakuwahi kupokea neno kwa mdomo wa mchuuzi ikiwa karatasi ipo. Karatasi ndiyo yenye ushahidi; mdomo hutia chumvi, na mdomo wa muuza chumvi ndio usiseme. Akafungua.

"Ama baada ya salamu," hati ya Ahmadi ikasema, "mama yetu aliposikia swali lako alifurahi furaha ya kumtoa machozi, kwa kuwa hukuisahau siku hiyo. Anasema siku ya safari yako alikupa chakula kwa mkono wake mwenyewe, chakula chema cha baraka, na akakuombea dua ya kwenda salama na kurudi salama, machozi yakimlowesha shuka. Anasema dua ile bado iko juu ya kichwa chako. Ndugu yetu, hali imezidi. Usingoje barua nyingine."

Dadi akaisoma mara mbili. Chakula chema cha baraka. Asiyejua ni chakula gani ndiye anayeandika chakula. Dua, machozi, shuka: hakuna hata kimoja kilichotokea siku ile. Basi mama yake hakuulizwa. Ama hayupo tena, ama yupo mzima shambani kwake na hana habari kwamba anaumwa.

"Nimewanasa," akasema taratibu.

"Nani?" Rashidi akauliza.

"Nani amekutuma, Rashidi?"

"Si wewe uliyenituma? Ulinipa barua nikapeleka, wakanipa hii nikaleta. Na mama akasema nikupe hiki mkononi, usipewe na mtu mwingine." Akaingiza mkono ndani ya kikapu cha chumvi akatoa kifurushi cha jani la mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, urefu wa kiganja.

Dadi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Siku zile hakuna mtu wa Lindi aliyepokea kifurushi cha bara bila kujiuliza. Walisema dawa inafungwa katika majani. Walisema kuna ya kunywa na kuna ya kutegea adui, ukiigusa tu umekwisha. Na hao waliomtumia machozi ya uongo sasa wanamtumia kitu kisichokuwa na jina.

"Kina nini ndani?"

"Fungua uone. Mama alisema—"

"Nimeshasoma alichosema mama. Wamekupa nini na wewe? Walikuahidi nini ukinifikisha?"

Rashidi akafunika kikapu chake. Alikuwa mtu mzima, ameshatembea njia hiyo miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumwambia maneno kama hayo, si askari wala waasi. Akaweka kifurushi juu ya jamvi polepole, akaubeba mzigo wake. "Mwalimu," akasema, "mimi nauza chumvi." Akaenda zake, na habari yake akaenda nayo.

Dadi akamwambia Kidawa akichukue kile kitu kwa koleo akakizike mbali, asikiguse. Kidawa akakichukua kwa mkono mtupu mbele ya macho yake akaingia nacho ndani. Hakukizika. Alikiweka juu ya uchaga wa jikoni, penye moshi, akisema moyoni kwamba cha mama mkwe hakizikwi kabla hajazikwa mwenyewe, kisha akajilaumu kwa kuwaza hivyo.

Dadi hakwenda. Aliwaambia watu wa barazani kwamba bara wamemtegea mtego naye ameung'amua kwa swali moja, na watu wakatikisa vichwa, wakamsifu kwa ujanja. Alilisimulia jambo hilo mara nyingi siku zile. Aliieleza hata ile mitego ya maneno, moja baada ya moja, na watu wakacheka kusikia jinsi walivyokuwa wakilizwa miaka yote hiyo. Ila swali lenyewe hakulisema lilikuwa nini, na usiku alimsikia Kidawa akigeuka kitandani, naye akijua kwamba Kidawa anamsikia yeye.

Zikapita siku kumi na mbili. Wateja walikuwa wachache kwa sababu ya vita, Dadi alikuwa akichonga kalamu isiyohitaji kuchongwa, na Rashidi akatokea pembeni ya nyumba. Hakusema shikamoo. Alisimama chini ya baraza, jua likimpiga, akanyoosha karatasi bila kupanda.

Dadi akaifungua. Ahmadi alikuwa ameandika vizuri, vizuri kuliko mwalimu wake. Alianza na Mungu. Alisema kila nafsi ina siku yake. Alisema Bi Sada binti Kudra alifariki Alhamisi alasiri, ametulia, uso una nuru, jina la mwanawe likiwa la mwisho midomoni, na macho yake hayakutoka mlangoni mpaka yalipofumbwa.

"Inna lillahi," Dadi akasema, lakini alisema kama mtu anayejaribu neno kuona kama litashika. Akamtazama Rashidi. "Ni kweli?"

"Nimemzika," Rashidi akasema. "Nilishika upande wa miguu."

Kidawa alikuwa ameshatoka mlangoni. Akaketi chini pale pale kizingitini akaanza kulia kwa sauti ndogo, akimwita mama, mama. Dadi hakulia. Bado alikuwa amekunja uso juu ya ile karatasi, anatafuta mahali pa kushika. "Lakini swali," akasema. "Hawakujua jibu. Kama mama alikuwepo, angejibu."

"Alijibu. Mimi nilikuwepo, napima chumvi kizingitini. Nilikuja kukwambia ukaniuliza nimehongwa nini." Rashidi alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ahmadi alipomsomea barua yako mama alicheka mpaka akakohoa, ikabidi wamkalishe. Akasema, mwambieni huyo mjinga nilimpa muhogo, na majivu yake. Na nilimwambia akilia njiani nitasikia, nitakuja kumchapa."

Dadi akazitoa zile barua mbili za awali chini ya jamvi, akaziweka juu yake pamoja na hii.

"Ahmadi akashika kalamu akawa haandiki," Rashidi akaendelea. "Akasema, Bibi, hayo siwezi kumpelekea Mwalimu wangu. Muhogo wa majivu na fimbo, ataniona nimesahau yote aliyonifunza. Akayageuza. Mama akamwambia andika upendavyo, maana hakuwa na nguvu za kubishana. Halafu akamwambia Kadija atie muhogo motoni. Ulipoiva akakataza usipanguswe. Akaufunga kwenye jani kwa mkono wake, ilimchukua muda, vidole vilikuwa vimevimba. Akaniambia, mpe mkononi. Akiuona huu hatakuwa na haja ya barua."

Kidawa akanyamaza kulia. Akainuka akaingia ndani.

"Alikuwa akiutazama mlango?" Dadi akauliza. Sijui kwa nini aliuliza hilo, katika yote. Labda alitaka apate kitu kimoja cha kweli katika maneno yake mwenyewe.

"Mlango alisema ufungwe. Jua lilikuwa likimchoma machoni."

"Na hakuniita?"

"Hakumwita mtu. Alihesabu siku tu, kwa vidole. Ile siku niliporudi huko bila wewe, aliniuliza kama nilikupa kifurushi mkononi. Ningesema nini, Mwalimu? Nilisema nimekupa." Rashidi akatazama chini, akasogeza mchanga kwa kidole cha mguu. "Mama akasema, kumbe muhogo haukutosha. Akageukia ukutani. Baada ya hapo hakusema tena."

Kidawa alirudi na kifurushi. Jani lilikuwa limekauka na kuwa jeusi kwa moshi wa jikoni. Akakiweka juu ya jamvi, juu ya zile barua tatu, akasogea pembeni.

Dadi akahangaika na fundo. Lilikuwa fundo la mtu dhaifu, limezungushwa mara nyingi kwa sababu halikuweza kukazwa, lakini hakutaka kulikata kwa kisu cha kalamu, akalifungua uzi kwa uzi. Ndani mlikuwa na muhogo mmoja, umekuwa mgumu, upande mmoja umeota ukungu. Majivu yalikuwa bado yameushika. Akautia kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Ulikuwa baridi.

"Usiule," Kidawa akasema. "Umeharibika."

Akauuma hivyo hivyo, na majivu yake. Akautafuna, akashindwa kuumeza, kisha akalia, mwanamume mzima, pale barazani mchana, watu wakipita njiani wakimwona. Alilia kwa sauti, kisha akanyamaza kusikiliza, kisha akalia tena zaidi, na hakuna aliyekuja kumchapa.